Mwalimu Elieth Waitara na Ukuta wa Ijumaa

Ni mwaka mmoja sasa, Shangazi, tangu Ijumaa ile watoto wa darasa la sita walipofika barazani na karatasi zao mkononi wakakuta mlango wako umefungwa na sufuria yako ya gundi imefunikwa. Ulikuwa umetuacha siku mbili kabla, Jumatano ya tarehe 12 Machi 2025, baada ya kuumwa kwa muda mfupi. Watoto walisimama pale. Kisha mmoja wao akaenda kuchota maji, akauosha ukuta. Hakuna aliyemtuma.

Irine na Ezra walikuita Mama. Baba yangu Erasto, mdogo wako wa tumbo moja, alikuita Dada. Mama yangu Regina alikuita Wifi, na Kenyamonta nzima ilikuita Mwalimu. Familia imenikabidhi kalamu mimi Robi, kwa hiyo katika ukurasa huu utakuwa Shangazi, na wengine wasinune.

Ulizaliwa Matongo, kabla mashimo ya dhahabu hayajasogelea mashamba. Babu Waitara alipohamisha ng'ombe kuja Kenyamonta ulikuwa binti mdogo, ukatembea nyuma ya ng'ombe na daftari moja ulilolificha ndani ya nguo lisilowe mtoni. Hadithi hiyo ulitusimulia mpaka tukaijua kuliko wewe. Kila mwaka mto ulizidi kuwa mpana.

Mvua iliponyesha ulivua viatu ukavitia mkobani, ukatembea peku kwenye tope mpaka kona ya shule. Pale ulinawa miguu bombani, ukavaa viatu, ukaingia darasani kama mtu aliyeshushwa na gari. Ulisahihisha insha ukitembea. Vijana wa bodaboda walikuzunguka kama wanavyomzunguka ng'ombe aliyesimama barabarani.

"Mwalimu, utagongwa!"

"Nigonge, halafu umalizie wewe kusahihisha!"

Hakuna aliyekugonga. Waliogopa zile insha.

Hukuwahi kuanza somo la wanyama kwa kitabu. Ulianza kwa swali ambalo mtoto alilazimika kwenda nalo nyumbani: ukoo wetu mnyama wetu ni yupi, yule tusiyemla wala kumdhuru, na kwa nini? Tulirudi na majibu, kila mmoja akisimama kwa majivuno kumtaja wake. Mmoja alisema fisi, darasa likaanguka kwa kicheko. Ukangoja wamalize, ukawauliza, "Ni nani kati yenu anayesafisha alichokula mwenzake bila kulipwa wala kushukuriwa? Basi mheshimuni fisi, na mheshimuni huyu." Thadeo, ambaye baba yake alikuja kutoka Geita kutafuta dhahabu, alisema kwao hakuna aliyemwambia habari za mnyama. "Basi una bahati kuliko wote," ulimwambia, "wewe utachagua." Akachagua kobe. Leo Thadeo ana pikipiki yake Nyamongo na nyuma imeandikwa KOBE kwa rangi nyekundu, na abiria wanamtania kwamba ndiyo maana wanachelewa. Hajaifuta.

Tunakumbuka pia siku wageni wa mradi wa wanyamapori walipoleta maboksi ya vitabu vya picha za tembo, maandishi yote kwa Kiingereza, wakaomba uwagawie wazazi. Ulifungua kimoja, ukakifunga taratibu.

"Nyumbu hajui Kiingereza," ulisema, "na anayemtega hajui. Mmemwandikia nani?"

Walicheka. Wewe hukucheka. Ulikaa na vile vitabu likizo nzima ukaviandika upya kwa Kiswahili ambacho bibi yetu angekisikia na kukielewa bila kuuliza mara mbili. Ulisema lugha yetu haina upungufu wa kusemea mambo makubwa. Wenye upungufu ni sisi tunaoona haya kuitumia. Mimi maneno hayo nimeyabeba mpaka chuo na nimerudi nayo.

Hapo ndipo lilipozaliwa gazeti la ukutani. Uliliita Jirani, kwa sababu ulisema wanyama wa Serengeti ni jirani zetu, na jirani mbaya au mzuri lazima umfahamu kwanza. Kila Ijumaa darasa la sita walileta walichoandika juma zima. Insha zilizo bora zilinakiliwa kwenye karatasi za manila, zikapakwa gundi ya unga wa muhogo uliyoikoroga mwenyewe, zikabandikwa kwenye ukuta wa baraza. Sheria ilikuwa moja, nawe uliiandika juu kabisa kwa chaki: Andika ulichokiona, usiandike ulichoambiwa.

Wazazi walianza kupita kusoma. Waliokuwa hawajui kusoma walisomewa. Mzee Salvatori alikuja na kiti chake.

Sasa tuseme lile ambalo matangazo ya namna hii huwa hayalisemi. Hatuwezi kujivunia wewe nusu nusu, na wewe mwenyewe ulilisema mbele za watu.

Mwaka 2013 nilikuwa darasa la sita. Uliandika ubaoni kichwa cha insha, "Nyumbu Wanapopita." Wenzangu waliandika vumbi na kelele za kwato. Mimi niliandika nilichokiona, kama sheria ilivyotaka, na nilichokiona kilikuwa nyumbani. Niliandika kwamba baba yangu ana nyaya kumi na nne, na kwamba anazitega ng'ambo ya mto, kwenye vichaka karibu na mti wenye mzinga wa nyuki.

Ilikuwa insha bora ya darasa. Uliibandika katikati ya ukuta.

Jumatano iliyofuata askari wa wanyamapori walifika shuleni kuzungumza na wanafunzi, kwa mwaliko wako. Mmoja wao alisimama barazani akisoma Jirani wakati wenzake wakinywa chai uliyowapikia. Akatoa kijitabu mfukoni akaandika. Alhamisi walivuka mto. Nyaya zilikuwa pale pale zilipoandikwa, na Baba alikuwa amechutama katikati yake.

Mahakamani zilisomwa sentensi mbili za insha yangu. Mbili tu. Baba alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na minne kwa kuingia hifadhini na kukutwa na mitego.

Uliwahi kumwambia Mama neno ambalo amelihifadhi mpaka leo. Alikuuliza, "Wifi, ulipoisoma hukuona kwamba huyu ni Erasto?" Ukamjibu, "Niliona sentensi zimenyooka. Nilisoma kama mwalimu, nikasahau kusoma kama dada."

Wazee wakaitisha ritongo, ule mkutano wetu ambapo jambo la kijiji huamuliwa na kila mtu akisikia. Ulisimama katikati, na hawakukubembeleza.

"Mwalimu," alianza Mzee Salvatori, yule yule wa kiti, "tulikuletea watoto wajue kusoma. Wewe umetufugia polisi wadogo?"

"Leo nyaya," mwingine akadakia, "kesho wataandika gongo ya mama zao!"

"Wangu ameshaandika," sauti ya nyuma ikasema, na watu wakacheka kicheko kisichokuwa na furaha.

Kulikuwa na waliotaka uhamishwe. Kulikuwa na waliosema watoto wao hawatarudi darasani kwako. Mtu mmoja, akidhani anakutetea, alisema kosa ni la askari yule aliyenakili. Ukamkatiza.

"Hapana, mzee. Askari alifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyemtengea meza. Niliweka siri ya mtu ukutani kwa sababu ilikuwa imeandikwa vizuri, na mtu huyo ni ndugu yangu. Mwacheni mtoto, msimguse hata kwa neno. Kosa ni langu."

Wazee walisogea pembeni wakarudi na uamuzi: Jirani halitabandikwa tena mpaka Erasto mwenyewe aruhusu kwa kinywa chake. Ukasema umekubali. Kazi yako yote, Shangazi, ikawa imewekwa mikononi mwa mtu uliyemfungisha.

Wiki hiyo ulifunga nyumba yako ya shuleni, ukaja na Irine na Ezra kukaa kwetu. Mama hakukukaribisha wala hakukufukuza. Ulilala chumba cha nje, ukaamka kabla yake, ukakamua ng'ombe. Ulilima shamba la Baba kila ulipotoka darasani, na chaki ikiwa bado kwenye vidole. Mama anasema ilikuwa mwezi wa tatu tangu uhamie alipokuona umechuchumaa jikoni unakoroga uji na kuutia sukari ya kijinga kama kawaida yako, akajikuta anasema, "Wifi, utatuua kwa sukari." Ulilia kama mtoto. Naye akalia. Uji ukaungua.

Kila mwezi ulikwenda gerezani. Kila mwezi askari magereza alitoka na jibu moja: "Amekataa kukuona." Ulikabidhi sabuni, ukapanda gari ukarudi. Mara moja tu Baba alituma salamu, na salamu zenyewe zilikuwa za kunihusu: "Mwambieni Robi asiandike tena."

Nami nilikuwa nimeshaacha. Nilikupa madaftari matupu, na wewe uliyasahihisha hayo matupu. Chini ya ukurasa usio na neno uliandika tarehe na sahihi yako, kila wiki, kama mtu anayepita nyumba iliyofungwa na kubisha hodi. Hukunilazimisha. Hukuniambia pole. Pole uliichukia, ulisema ni neno la kumfunika mtu aache kuongea.

Kisha ulifanya jambo ambalo hukutuambia. Insha yangu ya kwanza, ile ya penseli, ilikuwa bado kwenye daftari. Uliinakili yote, siyo zile sentensi mbili, kwa herufi kubwa zilizoachana, zile unazoandika kwa ajili ya darasa la kwanza. Baba aliacha shule darasa la pili kwenda kuchunga. Herufi alizijua kama mtu anavyojua watu wa kijiji cha pili, kwa sura tu. Uliikunja ukaiweka kwenye pakiti ya sabuni.

Baba ametusimulia mwenyewe, akicheka na kuacha kucheka, kwamba karatasi ile alikaa nayo siku nyingi bila kuifungua. Wafungwa wenzake walitaka kumsomea, akakataa. "Nilisema, kama mtoto wangu amenitukana, nisikie kwa macho yangu." Kulikuwa na mfungwa mmoja aliyekuwa mwalimu wa watu wazima. Baba akaanza naye a, e, i, o, u, mtu mzima mwenye mke na zizi, amekaa kwenye mstari na vijana. Walimwita Darasa la Kwanza. Aliwaambia, "Ndiyo, na nyie mkiendelea mtaishia la pili kama mimi." Ilimchukua miezi mitano kufika mwisho wa karatasi.

Kilichokuwa mwisho wa karatasi, mahakama haikukisoma. Tutakisema hapo chini, mahali pake.

Baba alirudi mwaka 2014, mahindi yakiwa yamebeba. Ulikuwa umeshahamisha vitu vyako asubuhi ile ile ili asikukute. Aliliona shamba limepaliliwa. Aliona ndama wawili asiowajua. Hakuuliza ni nani aliyefanya kazi. Alikuamkia njiani, ukaitikia, mkapishana. Hivyo tu, kwa miezi minne, kaka na dada waliozaliwa chumba kimoja wanasalimiana kama abiria.

Na kila Ijumaa uliosha ukuta. Ulichukua ndoo na kitambaa, ukaufuta kutoka juu mpaka chini ukuta usio na kitu. Watu walipita wakisema, "Mwalimu anaogesha ukuta, amechanganyikiwa." Ulisema, "Namwandalia mgeni."

Mgeni akaja. Ijumaa moja, saa nne, Baba alitokea kwenye kona ya bomba akiwa amebeba sufuria ya Mama. Ndani kulikuwa na gundi ya muhogo, nzito mno, imekorogwa na mtu asiyejua. Kwapani alikuwa na karatasi.

"Dada, ukuta bado ni wako?"

"Ni wako, Erasto. Ritongo lilisema."

"Basi shika sufuria, mimi sijui kupaka."

Ulishika. Ukapaka, na gundi ikakudondokea kiatuni. Herufi zake zilikuwa kubwa, nyingine zimegeukia nyuma, na tunazo mpaka leo: "Mimi Erasto wa Waitara nilikuwa natega. Waya hauna macho. Nilitaka dume nikakamata jike. Nilitaka nyumbu nikakamata twiga mguu akaenda na waya. Hata mbwa wangu nilimkamata. Nyama niliipeleka Nyamongo ikiwa kavu na hakuna aliyeniuliza imetoka wapi. Nyaya zangu zilizobaki ni sita. Nimezileta. Sitaji mtu mwingine."

Alizitoa kwenye mfuko wa koti akakuwekea mezani. Watoto walisogea kimya wasije wakafukuzwa. Mzee Salvatori akaitwa, akaja na kiti chake kilichokuwa hakijaonekana pale kwa zaidi ya mwaka. Akaomba asomewe, akaomba arudiwe.

"Kumbe Erasto ana akili hivi," alisema, "na sisi tulimpa ng'ombe tu achunge."

"Mzee, hata kuchunga kunataka akili," Baba akajibu.

"Ndiyo maana walikuwa wanapotea."

Hapo ndipo kijiji kilipocheka vizuri tena.

Siku hiyo hiyo, Shangazi, uliongeza sheria ya pili chini ya ile ya kwanza: La kwako liandike, la mwenzako mwombe kwanza. Na askari wa wanyamapori waliporudi kwa mazungumzo uliwapokea kwa chai ile ile, ukawaambia wakiwa bado wamesimama: "Karibuni mfundishe, mna mengi. Lakini daftari la mtoto ni la mtoto. Mkitaka ushahidi, ufuateni porini kwa miguu yenu." Yule aliyenakili alikuwepo. Alivua kofia. Akaja mara nyingi baadaye, na kila alipokuja aliuliza kwanza kama anaruhusiwa kusoma.

Tunajivunia yaliyofuata, na hatutajifanya wanyenyekevu. Watu wazima walianza kukujia wenyewe, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, wakisema walichokiona na walichokifanya, bila majina, nawe ukiandika. Wengine walikuja na nyaya zao. Zilifunga uzio wa bustani ya shule, na aliyenasa kichwa wa kwanza alikuwa mbuzi wa Mzee Salvatori. Habari hiyo ilitoka kwenye Jirani kwa ruhusa yake, akiwa amenuna. Ulikusanya makala, ukazipeleka Tarime mjini zikatolewa kopi na kushonwa, ukazibeba kwa pikipiki ya Thadeo mpaka Nyamongo na Matongo. Ulisimama kwenye vibanda vya mama lishe ukawasomea wachimbaji wakati wanasubiri chakula. Palipouzwa kimoro, ile nyama kavu ya porini, ulisoma ile ya Baba, kwa sauti. Kuna siku walikuzomea. Kuna siku kijana mmoja alisukuma sahani akasema, "Mwalimu, umenishibisha kabla sijala."

Nyumbu hawajaisha kutegwa. Ungetukemea kama tungeandika kwamba hawategwi tena. Andika ulichokiona, ulisema. Tulichokiona ni watoto wanaojua majina ya majani wanayokula swala, na wanaume wanaoona aibu pale ambapo baba zao waliona sifa. Umefanya hivyo kwa chaki, muhogo na Kiswahili.

Na mimi, mwezi mmoja baada ya Baba kubandika karatasi yake, nilikupa daftari lenye nusu ukurasa. Ulitia sahihi ile ile.

Jambo moja tu ulilitaka ukalikosa. Ulitaka insha yangu ya 2013 irudi ukutani, nzima. Ulisema ilisomwa nusu mbele ya watu, na kitu kilichosomwa nusu ni kama mtu aliyezikwa bila jina. Lakini sheria ya pili ilikuwa yako, ukaifuata. Kila Krismasi, baada ya kula, ulimgeukia Baba.

"Bado?"

"Bado, dada."

Miaka kumi na moja. Tulifika mahali watoto wadogo wakawa wanaitikia pamoja, "Bado, dada!" Krismasi ya mwisho ulimwambia, "Wewe, nitakufa nikikungoja," naye akasema, "Hufi wewe, utatuzika wote." Mara moja Baba alinieleza kwa nini. Nyaya, alisema, kila mtu alizijua. Hizo hazimuumizi tena. "Kinachoniumiza ni mlango wa zizi."

Mwezi uliopita tulikaa sebuleni kukusanya matoleo yote ya Jirani yawe kitabu kimoja, kwa ajili ya siku hii. Irine alipanga, Ezra alishona. Baba, ambaye sasa anavaa miwani, alifungua kurasa moja moja mpaka akafika kwenye karatasi nyeupe.

"Hapa pana nini?"

"Hapo pana wewe, Baba," nikamwambia. "Tumepaacha."

Alivua miwani. Alitoka nje akaenda kukaa kwenye mlango wa zizi. Ilikuwa mchana, ugali ulikuwa mezani. Mama akamwita. Akamwita mara ya pili. Sote tulijua tunaangalia nini, hakuna aliyethubutu kutazamana na mwenzake. Mama akamwita mara ya tatu, na mara ya tatu Baba aliinuka, akaingia, akanawa mikono, akala. Alipomaliza akasema, "Iwekeni. Na ukutani nitaibandika mimi."

Kwa hiyo Shangazi, hii hapa, kwa ruhusa ya mwenyewe, sehemu ile ambayo mahakama haikuisoma:

"Siku moja baba alileta nyumbu jike. Mama alipompasua ndani kulikuwa na mtoto, miguu yake ilikuwa tayari. Baba alitoka nje akakaa kwenye mlango wa zizi. Mama alimwita mara tatu hakuja. Hakula siku ile. Mimi nilimuona analia. Baba yangu hapendi waya ila sisi tunapenda kula. Kama nyumbu wangemjua baba yangu wangemsamehe."

Wanaokukumbuka kwa fahari ni watoto wako Irine na Ezra, mdogo wako Erasto Waitara na wifi yako Regina, mdogo wako wa mwisho Filemoni aliyeko Matongo pamoja na familia yake, mama mkubwa Juliana, mimi Robi, na wanao wote wa darasa la sita, waliotangulia na waliopo, pamoja na Kobe wa Nyamongo.

Ijumaa hii, tarehe 13 Machi 2026, saa nne asubuhi, tutakuwa barazani. Ukuta umeshaoshwa. Mama amekoroga gundi mwenyewe, hakumwachia Baba. Jirani na marafiki wote mnakaribishwa. Mzee Salvatori anamwomba kila mtu aje na kiti chake.

Jibu ni ndiyo, dada. Baba amesema tukuandikie hivyo.

Tutakukumbuka Ijumaa hii, na kila Ijumaa ukuta utakapokuwa na la kusema, siku zetu zote.